Kuanza kutumia viwango vipya vya uhasibu

Kuanza kutumia viwango vipya vya uhasibu ni utaratibu ambao kampuni, benki, chama cha ushirika au taasisi ya umma huufuata inapoacha kanuni za zamani za kutayarisha hesabu zake na kufuata kanuni mpya. Utaratibu huo hugusa vitabu vya hesabu, mifumo ya kompyuta, mikataba, kodi, mikopo na gawio la wanahisa. Biashara yenyewe inaweza kubaki vilevile, lakini faida, madeni na mtaji vinavyoonekana katika taarifa zake vikabadilika.

Makala hii inaeleza jinsi jambo hilo linavyofanyika nchini Tanzania, kwa mifano kutoka Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa katika Mkoa wa Rukwa. Uchumi wa huko unategemea mahindi, maharage, alizeti, ulezi na ng'ombe, pamoja na mashine za kukoboa na kusaga nafaka, maghala, matawi ya benki na vyama vya akiba na mikopo.

Maana ya kiwango cha uhasibu

Kiwango cha uhasibu ni kanuni inayoeleza ni lini jambo la kifedha liandikwe katika vitabu, kwa thamani gani, na lielezweje kwa msomaji. Bila kanuni za pamoja, mfanyabiashara mmoja anaweza kuhesabu mauzo siku alipopatana na mteja, mwingine siku alipokabidhi magunia, na wa tatu siku alipolipwa. Hesabu za watu hao watatu haziwezi kulinganishwa, na benki inayotaka kuwakopesha haiwezi kujua yupi ana hali nzuri zaidi.

Viwango vinavyotumika katika nchi nyingi duniani huitwa Viwango vya Kimataifa vya Taarifa za Fedha, maarufu kwa kifupi IFRS. Hutungwa na Bodi ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu yenye makao yake London, iliyoanza kazi mwaka 2001. Kabla yake ilikuwapo kamati iliyoundwa mwaka 1973, na viwango vyake vya zamani, vinavyotambulika kwa herufi IAS, bado vinatumika pale ambapo havijabadilishwa. Kwa upande wa serikali kuna viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, yaani IPSAS.

Historia nchini Tanzania

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, inayojulikana kama NBAA, iliundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972 na kuanza kazi mwaka 1973. Pamoja na kusajili wahasibu na kuendesha mitihani yao, bodi hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kutangaza viwango vitakavyofuatwa nchini. Kwa miaka mingi ilitoa viwango vya kitaifa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2004 Tanzania ilipokea viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha pamoja na viwango vya kimataifa vya ukaguzi.

Uamuzi huo ulikuja wakati uchumi ulikuwa umebadilika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 benki na makampuni makubwa yalikuwa mikononi mwa umma, na msomaji mkuu wa hesabu zake alikuwa serikali. Kuanzia miaka ya 1990 mashirika mengi yalibinafsishwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Benki ya NMB, iliyoundwa mwaka 1997 baada ya Benki ya Taifa ya Biashara kugawanywa, iliorodheshwa sokoni mwaka 2008, na Benki ya CRDB ikafuata mwaka 2009. Mwenye hisa chache aliye Sumbawanga na mwekezaji mkubwa aliye Ulaya wakawa wanasoma taarifa ileile, kwa hiyo ilibidi iandikwe kwa kanuni zinazofahamika kwa wote wawili.

Katika sekta ya umma, serikali za mitaa zilitangulia kutumia IPSAS zinazofuata msingi wa kutambua mapato na matumizi yanapotokea, hata kama fedha taslimu hazijapita mkononi. Serikali kuu ilianza safari hiyo mwaka wa fedha 2012/13 kwa kipindi cha mpito cha miaka mitano.

Aina mbili za mabadiliko

Ni muhimu kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni kuhamia IFRS kwa mara ya kwanza. Hili huipata kampuni ambayo haikuwahi kuzifuata, kwa mfano kampuni ya familia ya kusaga unga iliyokuwa ikitunza daftari la mapato na matumizi tu. Kiwango kinachoongoza hatua hiyo ni IFRS 1.

La pili ni kuanza kutumia kiwango kimoja kipya huku kampuni ikiwa tayari inafuata IFRS. Hili hutokea kila kiwango kinapotolewa au kurekebishwa. Mifano ya miaka ya karibuni ni IFRS 9 kuhusu mikopo na mali nyingine za kifedha, na IFRS 15 kuhusu mapato kutoka kwa wateja, vyote kuanzia tarehe 1 Januari 2018. IFRS 16 kuhusu upangaji, kuanzia tarehe 1 Januari 2019. Na IFRS 17 kuhusu bima, kuanzia tarehe 1 Januari 2023. IFRS 18, kinachobadilisha mpangilio wa taarifa ya faida na hasara, kilitolewa mwaka 2024 na kinaanza kutumika kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 1 Januari 2027 au baada ya hapo.

Kampuni ndogo na za kati zisizouza hisa kwa umma zina njia nyepesi zaidi. Kipo kiwango maalumu kwa ajili yao, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, chenye masharti machache na maelezo mafupi. Kampuni nyingi za mji kama Sumbawanga huangukia katika kundi hili. Benki na kampuni za bima haziruhusiwi kukitumia, kwa sababu zinatunza fedha za watu wengi.

Hatua za kuhama

Kampuni inayohamia kanuni mpya kwa kawaida hupita katika hatua zifuatazo:

1. Kupima tofauti. Wahasibu huorodhesha kila kundi la mali, deni, mapato na gharama, kisha hulinganisha kanuni ya zamani na mpya.

2. Kuamua sera. Viwango huacha nafasi ya kuchagua katika baadhi ya mambo. Bodi ya wakurugenzi ndiyo inayoidhinisha chaguo hilo, wala si mhasibu peke yake, kwa sababu chaguo likishafanywa hutakiwa kufuatwa mwaka hata mwaka.

3. Kukusanya taarifa. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Kampuni hutafuta mikataba yote ya pango, hati za viwanja, stakabadhi za mashine, orodha za wadaiwa na kumbukumbu za miaka iliyopita.

4. Kurekebisha mifumo. Programu ya hesabu iliyopangwa kwa kanuni za zamani hubadilishwa, au hukokotolewa pembeni kwa jedwali la kompyuta.

5. Kutayarisha mizania ya kuanzia. Kampuni inayohamia IFRS mara ya kwanza kwa mwaka unaoishia tarehe 31 Desemba 2025 hulazimika kurudi hadi tarehe 1 Januari 2024, kwa kuwa taarifa zake lazima zionyeshe pia mwaka uliotangulia kwa ajili ya kulinganisha.

6. Kueleza tofauti. Taarifa ya kwanza lazima ionyeshe waziwazi jinsi mtaji na faida vilivyobadilika kutoka hesabu za zamani kwenda mpya, na itamke bila kubakiza neno kwamba imefuata IFRS zote.

7. Kukaguliwa. Mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA huchunguza marekebisho hayo na kutoa maoni yake.

Marekebisho ya tarehe ya kuhamia kwa kawaida huingizwa moja kwa moja katika faida iliyolimbikizwa, hayapitii faida ya mwaka. Sababu yake ni kwamba hasara au faida hiyo ni ya miaka ya nyuma. Si haki kumbebesha meneja wa mwaka huu.

IFRS 1 inakataza pia kutumia ujuzi wa baadaye kusahihisha makadirio ya zamani. Kama tarehe 1 Januari 2024 kampuni ilikadiria kwamba mteja wake angelipa, haiwezi kurudi nyuma na kubadili kadirio hilo kwa sababu tu mteja alikuja kufilisika mwezi Agosti.

Zipo nafuu pia. Mashine ya kusaga iliyonunuliwa miaka 20 iliyopita inaweza kuwa haina stakabadhi. Kiwango kinaruhusu thamani yake halisi ya tarehe ya kuhamia ichukuliwe kuwa ndiyo gharama yake, na uchakavu uhesabiwe kuanzia hapo.

Mfano wa kwanza: ghala la kupanga

Kabla ya mwaka 2019, mfanyabiashara aliyepanga ghala aliandika kodi ya pango kama gharama ya kila mwaka, na mkataba wenyewe haukuonekana katika mizania. IFRS 16 ilibadilisha hilo. Mpangaji anatakiwa kuandika haki ya kutumia ghala kama mali, na malipo yajayo kama deni. Mikataba isiyozidi miezi 12 na ya vitu vya thamani ndogo inaweza kuachwa nje.

Chukulia kampuni ya nafaka mjini Sumbawanga imepanga ghala kwa miaka 5, ikilipa shilingi 12,000,000 mwishoni mwa kila mwaka, na benki ingeikopesha kwa riba ya asilimia 15. Jumla ya malipo ni shilingi 60,000,000, lakini thamani yake ya leo ni takriban shilingi 40,226,000. Hicho ndicho kiasi kinachoandikwa kama mali na kama deni siku ya kwanza.

Katika mwaka wa kwanza uchakavu wa haki hiyo ni shilingi 8,045,000 na riba ya deni ni shilingi 6,034,000, jumla shilingi 14,079,000. Kwa kanuni ya zamani gharama ingekuwa shilingi 12,000,000. Katika mwaka wa tano uchakavu ni uleule, lakini riba imeshuka hadi shilingi 1,565,000, hivyo gharama ni shilingi 9,610,000. Kwa miaka yote mitano jumla ni shilingi 60,000,000 kwa kanuni zote mbili. Kilichobadilika ni mgawanyo wake kati ya miaka, na deni ambalo sasa linaonekana.

Fedha zilizotoka mfukoni ni zilezile. Hata hivyo, kama mkataba wa mkopo unasema kampuni isiwe na madeni yanayozidi mtaji wake, deni hilo jipya linaweza kuifanya ionekane imevunja sharti. Ndiyo maana kampuni hushauriwa kuzungumza na benki yake mapema, kabla hesabu mpya hazijatoka.

Makampuni ya simu yaliguswa sana na kiwango hiki, kwa kuwa hupanga viwanja na nafasi za kuweka mitambo katika minara mingi, ikiwemo ya vijijini. Vodacom Tanzania, ambayo mwaka wake wa fedha huishia tarehe 31 Machi, ilianza kukitumia tarehe 1 Aprili 2019. Maduka, karakana na matawi ya benki yaliyo katika majengo ya kupanga nayo yalipata mabadiliko ya namna hiyohiyo.

Mfano wa pili: mkopo wa mkulima

Kanuni ya zamani, IAS 39, iliitaka benki isubiri dalili kwamba mkopaji ameshindwa kulipa ndipo itenge fedha za kufidia hasara. Msukosuko wa kifedha duniani wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kusubiri huko kulifanya hasara itambuliwe ikiwa imechelewa mno. IFRS 9 inataka benki itenge kiasi fulani tangu siku ya kutoa mkopo, kwa kukadiria hasara inayotarajiwa.

Mikopo hugawanywa katika hatua tatu. Ya kwanza ni mikopo inayokwenda vizuri; hutengewa hasara inayoweza kutokana na kushindwa kulipa katika miezi 12 ijayo. Ya pili ni ile ambayo hatari yake imeongezeka kwa kiasi kikubwa. Hutengewa hasara ya muda wote uliobaki. Ya tatu ni mikopo ambayo tayari imeharibika, yaani mikopo chechefu.

Chukulia mkopo wa shilingi 1,000,000. Kama uwezekano wa kutolipwa ndani ya mwaka ni asilimia 4, na benki ingepoteza nusu ya fedha hizo, tengo la hatua ya kwanza ni shilingi 20,000. Hatari ikipanda na uwezekano ukafika asilimia 20 kwa muda wote wa mkopo, tengo linakuwa shilingi 100,000, ijapokuwa mkopaji hajachelewesha hata lipo moja.

Kwa Ufipa jambo hili lina uzito wa pekee. Mvua ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka baada ya mavuno. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na bei ikashuka katika mikoa yenye ziada, Rukwa ikiwemo. Benki zikaanza kutumia IFRS 9 tarehe 1 Januari 2018. Kiwango hicho kinaitaka benki itazame mbele: bei za mazao, hali ya hewa na maamuzi ya serikali ni sehemu ya makadirio. Tengo likiwa kubwa, mkopo unakuwa ghali zaidi kwa benki, na benki inaweza kupandisha riba, kudai dhamana kubwa zaidi au kupunguza ukopeshaji. Kwa upande mwingine, benki iliyotenga mapema haiyumbi kwa urahisi msimu mbaya ukija, na akiba za wateja zinakuwa salama zaidi.

Kumbukumbu nzuri za mkopaji ndizo zinazoweza kulainisha makadirio hayo. Mkulima au chama chenye stakabadhi za mauzo na historia ya marejesho humpa mkopeshaji ushahidi. Asiye na kumbukumbu huhesabiwa pamoja na kundi lake lote.

Benki Kuu ya Tanzania nayo ilikuwa na kanuni zake za kutenga fedha. Pale tengo la Benki Kuu lilipozidi lile la IFRS, benki ilitakiwa kuhamisha tofauti hiyo kutoka faida iliyolimbikizwa kwenda katika akiba maalumu isiyogawiwa kwa wanahisa.

Mfano wa tatu: mahindi shambani na ng'ombe

IAS 41 kinahusu mimea na wanyama walio hai katika shughuli za kilimo. Kampuni inayofuga au kulima inatakiwa kuvithamini kwa bei halisi baada ya kuondoa gharama za kuuza, na mabadiliko ya thamani huingia katika faida au hasara ya mwaka. Ndama anayekua huongeza faida kabla hajauzwa.

Tarehe ya kufunga hesabu ina maana kubwa hapa. Kampuni ya kilimo ya Ufipa inayofunga tarehe 31 Desemba hukuta mahindi yakiwa machanga shambani. Inayofunga tarehe 30 Juni huyakuta yamevunwa au yanavunwa. Yakishavunwa huthaminiwa kwa bei ya siku ya mavuno, kisha hufuata kanuni za bidhaa zilizo ghalani.

Bei inayotumika ni ile inayopatikana mahali mazao yalipo. Gunia lenye bei nzuri Dar es Salaam halina thamani hiyo likiwa Sumbawanga, kwa sababu lazima lisafirishwe kupitia Tunduma na Mbeya. Gharama ya usafiri hutolewa kwanza. Kampuni inayosahau hatua hii hujionyesha tajiri kuliko ilivyo.

Kodi

Kufuata IFRS hakubadilishi sheria ya kodi. Mamlaka ya Mapato Tanzania hutoza kodi ya kampuni, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 30, juu ya mapato yaliyokokotolewa kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Tengo la hasara inayotarajiwa au ongezeko la thamani ya ndama linaweza kutendewa tofauti na sheria hiyo. Tofauti za muda kati ya hesabu na kodi huandikwa kama kodi iliyoahirishwa. Mwenye kampuni asishangae kuona faida imeshuka katika taarifa ilhali kodi ya mwaka haikushuka.

Vyama vya ushirika na taasisi za umma

Vyama vya akiba na mikopo husimamiwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na hesabu zake hukaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, au na wakaguzi wengine wanaokubalika. Kwa chama kidogo, badiliko la kanuni linaweza kupunguza ziada inayogawiwa kwa wanachama. Viongozi wasipoeleza sababu katika mkutano mkuu, wanachama huweza kudhani fedha zimeibwa. Kwa hiyo maelezo kwa Kiswahili chepesi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Halmashauri, kama Manispaa ya Sumbawanga, hufuata IPSAS na kufunga hesabu tarehe 30 Juni. Hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye hutoa hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha au kushindwa kutoa maoni. Changamoto kubwa kwa halmashauri nchini wakati wa kuhamia IPSAS ilikuwa kuorodhesha na kuthamini shule, zahanati, barabara na viwanja ambavyo awali havikuwamo vitabuni.

Matatizo na hoja zinazotolewa

Wanaounga mkono viwango vya kimataifa husema vinaongeza uaminifu, vinarahisisha kupata mitaji na vinazuia wakurugenzi kuficha madeni. Wanaovikosoa husema vilitungwa kwa kufikiria zaidi masoko makubwa ya hisa, vinahitaji bei za soko ambazo mikoani hazipatikani kwa urahisi, na gharama zake ni nzito kwa kampuni ndogo zilizo mbali na ofisi kubwa za ukaguzi.

Lugha ni tatizo jingine. Viwango vimeandikwa kwa Kiingereza na mitihani ya uhasibu hufanywa kwa Kiingereza, ilhali vikao vya vyama, mazungumzo ya biashara na vocha nyingi huwa kwa Kiswahili. Maneno kama tengo, uchakavu na mikopo chechefu yamezoeleka, lakini dhana nyingi mpya hazina neno lililokubalika.

Makadirio nayo hutegemea uamuzi wa binadamu. Kiwango hakimzuii meneja anayetaka kupamba hesabu. Humlazimisha kueleza alivyofikia tarakimu zake. Maelezo hayo huwekwa katika kurasa zinazofuata mizania, na msomaji anayetaka kujua kama faida imepanda kwa sababu ya biashara au kwa sababu ya kanuni hana budi kuyasoma.